Imani Iamkayo Usiku

Wazee wetu walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leo twataka kunena juu ya wazazi ambao uchungu huo hawakuuonja siku ya kuzaa tu, bali huuonja upya kila majira ya mwaka. Ndio wale waliojaliwa mtoto mwenye mwili dhaifu tangu kuzaliwa, mtoto ambaye homa ndogo, isiyo kitu kwa wenzake, kwake ni jambo la kufa na kupona.

Twende pamoja hata Sandoa, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo. Kwa msomaji asiyeijua nchi hiyo, tuseme kwamba ni kando ya mto Lulua, mbali na machimbo ya shaba. Reli itokayo Tenke kwenda Dilolo hupita kusini yake, kwa Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji. Kutoka hapo msafiri hushika barabara ya udongo. Ni nchi ya Walunda na Wachokwe, watu wa mihogo na mahindi, na tangu zamani vijana wao wengi wamekwenda Kolwezi kutafuta kazi. Lakini nyumba nyingi zimebaki, na ndani ya baadhi yake yumo mtoto wa namna tuliyoitaja.

NYUMBA MOJA, MFANO WA NYUMBA NYINGI

Tuwaze nyumba moja ya huko. Hatutaji jina la mtu ye yote, kwa maana nyumba hii ni mfano tu. Tumekusanya ndani yake mambo yazipatayo nyumba nyingi. Baba na mama ni wakulima, nao walifunga ndoa kanisani. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa na miaka miwili. Alishikwa na homa jioni, viganja na midomo ikapauka, na kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kufa. Walimzika, wakamlilia, wakasema ni malaria.

Sasa wana mtoto wa pili, mwenye miezi minane. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni mama amfungua toka mgongoni, aona mikono na miguu yake imevimba hata ngozi yang'aa. Mtoto akiguswa tu, alia. Weupe wa macho yake umekuwa manjano.

Jioni wazee waketi. Bibi wa mtoto, mama yake baba, asema polepole: "Mwanangu, wa kwanza alikwenda hivi hivi. Mti hauanguki mara mbili mahali pamoja pasipo shoka." Mjomba wa mama ajibu kwamba katika ukoo wao damu haikuwa na ila kamwe. Mmoja ataka waende kwa mpiga ramli. Wa pili amshauri baba amrudishe mke kwao. Wa tatu, aliyerudi juzi kutoka mjini, asema yuko mwombaji mmoja aponyaye watoto kwa sharti moja tu: dawa zote za hospitali zitupwe.

Baba anyamaza. Mama anyamaza zaidi, maana ajua kwamba mwisho wa maneno hayo yote yeye ndiye atakayelaumiwa. Basi, ndugu wasomaji, hapo ndipo imani ya nyumba hupimwa. Haipimwi kanisani siku ya Pasaka, katikati ya nyimbo, bali hapo penye moto, mbele ya watu wanaotupenda na huku wanakosea.

UGONJWA HUU UNA JINA

Kwa Kiswahili cha vitabu huitwa selimundu, yaani seli zenye umbo la mundu. Katika Kongo watu husema "SS" tu, na waganga waliosoma kwa Kifaransa husema drepanositozi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa watu wengine ni mviringo na laini, kwa mtoto huyu hujipinda kama mundu wa kukatia nyasi. Hufa upesi kuliko zile nzima. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu, na macho yake huwa manjano. Tena hukwama katika mishipa myembamba, kama vijiti vinavyoziba mfereji, na po pote zinapokwama pana maumivu makali. Kwa mtoto mchanga mara nyingi huanza kwa mikono na miguu kuvimba, kama tulivyoona.

Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910, alipoziona katika damu ya mwanafunzi mmoja. Lakini mama wa Afrika walikuwa wameujua ugonjwa huu kwa machozi muda mrefu kabla yake.

Watoka wapi basi? Kila mtoto hupokea urithi wa damu katika sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mtu aliyepokea alama ya ugonjwa upande mmoja tu huishi kwa afya, na pengine hufikia uzee asijue kwamba anayo. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Mimba iliyotangulia haibadili neno katika ile inayofuata. Kila safari kura hupigwa upya. Tazameni sasa yale maneno ya penye moto. Hapana mke wa kurudishwa kwao, kwa kuwa baba ametoa nusu yake sawasawa na mama. Wala hapana shoka la mchawi, kwa kuwa alama ile ilikuwamo katika koo zote mbili kabla ya hao wazee kuzaliwa.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye alama upande mmoja ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu alama hiyo imeenea sana katika nchi zenye mbu wa malaria. Wengi wa wazee wetu waliiponea malaria kwa damu hiyo, wakatuzaa sisi. Basi damu ile ile iliyowakinga babu ndiyo imwumizayo mjukuu aliyeipokea mara mbili. Ni huzuni kubwa, lakini si laana.

Wala wenye ugonjwa si wachache. Daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima damu ya watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Karibu watoto 17 katika kila 100 walikuwa na alama upande mmoja, na watoto 14 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba twanena juu ya jambo la kigeni. Huenda mtoto wa namna hiyo aketi katika benchi moja na wewe kila Jumapili.

NANI AMEKOSA?

Swali la wazee wale ni la kale sana. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane twasoma kwamba wanafunzi, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu aliyakataa yote mawili. Hakumtafuta mkosaji, ila alimkaribia yule kipofu, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma kwenda kunawa. Swali la nyuma lilikuwa: nani ameleta haya? Swali la Kristu lilikuwa: mtu huyu ahitaji nini sasa?

Hilo ndilo neno moja ambalo twataka kila mzazi alishike. Imani ya kweli huacha kuuliza nani ameroga, huanza kuuliza mtoto huyu ahitaji nini kwetu usiku huu.

Sheria ya nchi nayo imesema. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 yaweka adhabu. Walakini Mkristu asingoje sheria ili aone haya kumnyoshea kidole mtoto anayelia kwa maumivu.

Wengine hukosa upande wa pili. Hawamtafuti mchawi, bali husema, "Ikiwa Mungu ataka apone, atapona," kisha hukunja mikono. Hao wasome sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Humo twafundishwa kumheshimu mganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kutozidharau dawa kwa kuwa Mungu ndiye aliyeziotesha katika nchi. Mgonjwa aamriwa asali na kujitakasa, kisha ampe mganga nafasi yake. Sala na dawa zimewekwa pamoja katika sura moja. Nani basi atazitenga? Mtu akikuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, ujue kwamba akudai jambo ambalo Maandiko hayakudai.

MAMA WA ALENÇON

Tutoke kidogo Sandoa, tutazame nyumba nyingine, ya mbali. Wakristu wengi wampenda Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni. Je, wajua kwamba naye alikuwa mtoto dhaifu sana?

Wazazi wake, Louis Martin na Zélie Guérin, waliishi katika mji wa Alençon, nchini Ufaransa. Walizaa watoto tisa, na wanne kati yao walikufa wakingali wadogo. Tereza alizaliwa 2 Januari 1873, naye akaanza kudhoofu katika majuma ya kwanza. Zélie hakuwa na maziwa ya kutosha, na daktari alisema mtoto hana budi kupewa titi la mnyonyeshaji. Basi alfajiri moja ya mwezi wa Machi mama alikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha Semallé, zaidi ya saa moja ya njia, kumtafuta Rose Taillé, mwanamke mkulima aliyewahi kumlelea mtoto mwingine. Rose alipofika na kumwona mtoto, alitikisa kichwa, akadhani safari yake ni bure. Zélie akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Aliposhuka, mtoto alikuwa akinyonya. Kisha Tereza alikaa kwa Rose kijijini mwaka mzima na zaidi, akapata nguvu.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, mama huyo alisali na pia alitembea. Alimwuliza daktari, akashika njia gizani, akakubali mtoto wake alelewe katika nyumba nyingine. Pili, alikuwa amewaombea vivyo hivyo watoto wake wawili wa kiume, nao walikufa wakiwa wachanga. Sala ya wakati ule haikuwa na upungufu, wala ile ya Tereza haikuwa bei iliyolipwa sawasawa. Mungu si mwuza duka, atupimie uzima kwa kadiri ya novena zetu. Kanisa liliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu pamoja, 18 Oktoba 2015. Halikusema ni watakatifu kwa sababu mtoto alipona, wanne hawakupona. Lilitazama jinsi walivyopenda, walipopewa na walipoondolewa.

Wazazi wa Sandoa waliomzika mtoto wa kwanza wasikie neno hilo. Hakufa kwa sababu sala yenu ilikuwa haba.

MWAKA MZIMA NYUMBANI

Turudi sasa penye moto. Baba amesimama. "Mama yangu," asema, "nakuheshimu, wala sikukatalii kwa kiburi. Lakini mtoto huyu ni wetu sote. Kesho nampeleka hospitali apimwe damu, na mke wangu tutakwenda pamoja." Bibi ainama, hajibu. Lakini asubuhi, wanapotoka, ndiye aletaye blanketi lake mwenyewe amfunike mjukuu. Upendo uliokosea njia jana umeipata leo.

Tangu siku hiyo maisha ya nyumba hubadilika. Katika nchi ya Lualaba mwaka una majira mawili, na yote mawili yana hatari. Kuanzia Mei mpaka Agosti mvua hazinyeshi, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Baridi huleta maumivu. Kwa hiyo mtoto avikwe nguo nzito, aoge maji ya moto, asiachwe kwenye umande. Mvua zirudipo, mbu hurudi pamoja nazo. Mtu mwenye alama upande mmoja ana kinga, lakini mtoto mwenye ugonjwa wenyewe malaria yaweza kumwua upesi. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua kila usiku, na apewe dawa ya kujikinga kama mganga alivyoagiza.

Katika majira yote anywe maji mengi, maana damu yake ikikosa maji chembe hujipinda zaidi. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtoto huyu, kikombe na kikombe huokoa uhai. Apate chanjo zote. Apewe penisilini ya kumkinga mpaka afikie miaka mitano, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki, kwa uongozi wa hospitali. Asichanjwe chale, kwa maana kidonda kidogo chaweza kumletea ugonjwa mkubwa.

Mama naye ajifunze kumpapasa mtoto chini ya mbavu za kushoto, mahali pa bandama. Ikiwa bandama imevimba ghafula na mtoto amepauka, au ikiwa ana homa kali, au anapumua kwa shida, au mkono au mguu umelegea, asingoje asubuhi. Aamke, amfunge mgongoni, aende. Hapo ndipo imani huamka usiku.

Kazi hii huchosha. Imani haimkatazi mama kulia wala baba kusema kwamba amechoka. Wasaidiane zamu. Wasiwasahau watoto wengine wa nyumba, ambao mara nyingi hula bukari peke yao wakati wazazi wako hospitalini, na ambao huanza kufikiri kwamba wazima hawapendwi. Wasali wote pamoja jioni, sala fupi, mtoto mgonjwa akiwa katikati. Wala wasiogope kumwita Padre kwa mpako wa wagonjwa. Sakramenti hiyo si tangazo la kifo. Ni nguvu kwa mgonjwa aliye hatarini, na yule ambaye ugonjwa wake wazidi tena aweza kuipokea tena.

NANYI WANAFUNZI, NANYI WANAPAROKIA

Ninyi wanafunzi, mwenzenu mwenye macho ya manjano hakuambukizi. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa pumzi, wala kwa kuketi pamoja. Akichelewa kukua, msimcheke. Asipoweza kukimbia mbio, apewe kazi ya kuhesabu magoli. Aombapo ruhusa ya kunywa maji au kutoka nje, mwalimu asimnyime. Akikosa shule majuma mawili, mmoja wenu amchukulie daftari nyumbani. Huko ni kuwatembelea wagonjwa, mliyojifunza katika katekisimu kati ya matendo ya huruma.

Ninyi wanaparokia, mtoto huyu pengine atahitaji damu ya mtu mwingine usiku wa manane, naye baba yake atazunguka akigonga milango. Wenye afya wajitolee mapema, wapimwe, wajulikane. Sadaka ya namna hiyo haionekani katika kikapu, lakini mtoto huishi kwayo. Na wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Hatusemi kwamba wenye alama wakatazwe kuoana. Twasema waingie macho wazi, ili siku ya shida wasitafute mtu wa kulaumiwa.

TUMAINI LIPO

Zamani wengi wa watoto hao hawakufikia umri wa kwenda shule, na po pote pasipo matunzo bado ni hivyo. Lakini mambo yameanza kubadilika. Watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walipewa dawa iitwayo hidroksiurea, na habari zao zilichapishwa mwaka 2019. Kabla ya dawa, watoto 100 walikuwa wakipatwa na vipindi vya maumivu 98 kwa mwaka; wakiitumia, vilipungua mpaka 45. Malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilishuka toka 3.6 hata 1.1 katika kila watoto 100 kwa mwaka. Dawa hiyo haiondoi ugonjwa, wala mtu asiinunue sokoni apendavyo, maana yataka damu ipimwe mara kwa mara. Bado haipatikani kila mahali. Hata hivyo mzazi aulize hospitali. Kuuliza si dhambi wala si kukosa adabu.

Basi twamwacha mama yule wa Sandoa usiku wa Julai. Nje ni baridi, na watu wote wamelala. Ameamka, amemfunika mtoto vizuri zaidi, amemgusa paji la uso, amempapasa ubavu wa kushoto. Hana homa. Amemwinua, amemnywesha maji ya vuguvugu kidogo kidogo, akimtajia Bikira Maria kwa sauti ya chini. Kesho usiku ataamka tena. Hakuna muujiza ulioonekana katika nyumba hiyo, wala jirani hatasimulia neno. Lakini sisi twaamini kwamba Baba aliye mbinguni, ambaye hasinzii, amekesha pamoja naye.